Kucha Fupi za Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Januari

Madam katutangazia vita leo. Kasimama katikati ya saluni, feni inampeperusha wigi, akasema kucha ndefu za bandia zimemchosha. "Wateja wetu ni wauguzi, wapishi, mama wenye watoto wachanga. Hizo kucha za mwewe watazipeleka wapi? Nataka mitindo ya kiangazi, ya kucha fupi za duara. Kila fundi aniletee yake, kwenye mikono ya kweli, si ile ya plastiki. Nitakayoipenda naipiga picha, inakaa ukutani mpaka mvua zije."

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nitaandika mitindo, na nitaandika na mengine, kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia. Mume wangu anaendesha gari la mikate, anarudi hoi, ukimsimulia jambo anaitikia "ee" huku kashalala. Aliyebaki ni mama yake, ambaye amehamia kwetu tangu Novemba, na mama yake hasemi na mimi. Anasema na ukuta. "Mke wa mwanangu kaunguza tena," anauambia ukuta, na mimi niko palepale na mwiko mkononi.

Miaka arobaini alikuwa fundi cherehani. Kazi yangu anaiita kupakapaka vidole.

Jumatano, 8 Januari

Joto. Rangi zinaganda kwenye chupa kabla sijamaliza mkono mmoja. Mikono ya kufanyia mitindo sijapata.

Jumapili, 12 Januari

Haya, leo nimeona maajabu. Nilikuwa nimepanga chupa zangu mezani, najaribu mtindo kwenye mkono wangu wa kushoto, Mama akaja akakaa mbele yangu. Akanyoosha mikono kama mtu anayetaka kupimwa pete.

"Mke wa mwanangu anatafuta mikono," akauambia ukuta. "Hii hapa mikono."

Sikumbuki kama aliwahi kunigusa tangu siku ya harusi. Nikaishika, ilikuwa ya baridi, kwenye joto hili! Vidole vimejaa alama za sindano. Lakini kucha, jamani, kucha! Fupi, na za duara zenyewe tu, zimejikunja kama mgongo wa kijiko. Mimi watu wananilipa niwachonge kucha zifanane na hizo, na yeye kazipata bure. Tupa niliipitisha mara mbili tatu kwa heshima tu.

Nikampaka njano ya limau, na kitone kimoja cheupe kwenye kila kidole cha pete. Akavitazama muda mrefu. "Tabaka la pili," akasema. Nikaongeza. "Na la tatu. Na ufanye haraka, mwanangu anakaribia kurudi."

Mume wangu alipoingia akaangua kicheko. "Mama! Umeanza usichana?" Mama akaficha mikono chini ya khanga, akacheka naye. Nilifurahi kupita kiasi, nikaunguza chakula kweli.

Alhamisi, 16 Januari

Njano ya Mama haijabanduka hata kidogo. Anaosha vyombo kwa ncha za vidole, kama malkia.

Jumapili, 19 Januari

Nilikuwa nimeandaa mtindo ninaoupenda kuliko yote: kucha inabaki ya asili, unapitisha rangi nyembamba ya waridi inayoonyesha ndani, halafu matone matatu madogo chini, karibu na ngozi. Mtindo mpole, hata mkuu wa shule hawezi kukufukuza nao.

Nilipomtolea Mama ile njano, nikaona kucha zake zina uzambarau kwa mbali. Nikamuuliza. "Rangi za vitambaa," akasema. "Miaka arobaini, unadhani zinatoka?" Nikaona ni kweli. Msusi wetu pale saluni ana viganja vyeusi kwa dawa za nywele, hata harusini alienda navyo.

Lakini waridi akaikataa katakata. "Inaonyesha kucha."

"Ndiyo mtindo wenyewe, Mama. Unaacha kucha ipumue."

"Kucha haina pua. Nipake kitu cha kuziba."

Nikampaka nyekundu ya tikiti maji, na vinukta vyeusi kama mbegu. Ameipenda. Mimi nimeinunia kidogo, halafu nimekubali kwamba yeye ndiye mwenye jicho. Miaka arobaini ya kuchagua vitambaa si mchezo.

Jumanne, 21 Januari

Mama kapumzika mara tatu kwenye ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya pili tu. "Ni joto," alisema. Nami nilikuwa natweta, nikakubali.

Jumapili, 26 Januari

Leo hakungoja niite. Nilipotoka kuoga nilimkuta kashapanga chupa mezani kwa rangi, kuanzia nyepesi hadi nzito, kama anavyopanga nyuzi zake. Akachagua kijani cha limau bichi, nikakimalizia kwa mstari mweupe kwenye ncha, mwembamba kama uzi. Mkono wangu ukatikisika kwenye kidole gumba.

"Usishushe pumzi," akaniambia. "Ukitaka mstari unyooke, bana pumzi hadi ufike mwisho. Mimi pindo za magauni ya maharusi nilizishona hivyo hivyo."

Nikabana pumzi. Mstari ukanyooka. Yeye naye alikuwa amebana, halafu akashindwa kuirudisha vizuri, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nikamletea maji.

"Joto hili, mwanangu," akasema.

Mwanangu. Si mke wa mwanangu. Nikajifanya sijasikia, nikainama kufunga chupa ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Ijumaa, 31 Januari

Mama analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Anasema godoro linachoma.

Jumapili, 2 Februari

Buluu. Buluu nzito ya wino, tabaka tatu, na mwezi mdogo mweupe chini ya kila kucha. Huo mwezi kauomba yeye. Tumekaa saa mbili nzima, amenisimulia bibi harusi mmoja aliyenenepa wiki ya mwisho, gauni likafumuliwa na kushonwa upya akiwa kalivaa. Nimecheka hadi nimeharibu kidole cha shahada na kukirudia.

Nikamwambia kesho twende wote saluni apigwe picha. Akasema ngazi. Nikasema nitakushika. Akasema basi, twende.

Jumatano, 5 Februari

Madam kabandika picha ya mikono ya Mama ukutani, kubwa kama mlango wa kabati. Kaniita mbele ya mafundi wote. "Kucha duara namna hii umezichonga kwa kitu gani?" Nikasema sikuzichonga, Mwenyezi Mungu kazichonga. Msusi akasema, "Mwombe mkweo akuambukize." Leo nimerudi nyumbani naona kama nakanyaga pamba.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali. Ngoja niandike kwa utaratibu, vinginevyo nitaandika matusi.

Jana mchana Mama alikuwa mezani, chupa zimepangwa. Nilimpa mgongo, natafuta pamba. Nikasikia chupa zinaanguka moja baada ya nyingine. Nilipogeuka alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anavuta hewa na hewa haimwingii. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiuza. Mume wangu kambeba mgongoni ngazi zote, mimi nyuma na viatu vya Mama mkononi, sijui nilivichukulia nini.

Hospitali muuguzi akaja na kile kibanio kidogo cha kubana kwenye kidole, kinachosoma hewa ndani ya damu. Akabana kidole cha shahada. Hakikusoma. Akajaribu cha kati. Hakikusoma. Akausogeza mkono wa Mama kwenye taa, akaona ile buluu yangu na miezi yake.

"Nani kampaka haya madude?"

"Mimi."

"Itoe. Sasa hivi."

Ile dawa ya kutolea rangi huwa haitoki kwenye pochi yangu. Nikamwaga kwenye pamba, nikafuta kidole kimoja. Nilifuta, nikafuta tena, nikadhani rangi imegoma. Pamba ilikuwa inatoka nyeupe. Rangi ilikuwa imeshaisha. Ile buluu niliyokuwa naifuta ilikuwa ni kucha yenyewe.

Muuguzi akakishika kile kidole, akakitazama kwa ubavu, akaita daktari. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akatuuliza kwa upole kucha za Mama zimekuwa hivi tangu lini.

"Hivi vipi?" nikauliza.

"Hivi duara. Ncha zimevimba, kucha zimejikunja. Hii ni dalili, mama. Mwili ukikosa hewa muda mrefu, vidole vinafanya hivi. Si jambo la wiki mbili. Ni miezi, pengine miaka."

Mume wangu alikuwa amesimama ukutani. Akasema polepole, kama mtu anayesoma barua, "Mama alikuwa na kucha bapa. Nikiwa mdogo alikuwa ananikuna nazo mgongo."

Halafu akanigeukia. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Wewe unamshika mikono kila wiki. Kazi yako ni kuangalia kucha. Uliangalia nini?"

Mimi, ambaye Madam ananiita redio, nikaikunja ile pamba nyeupe kiganjani. Niliangalia nikaona uzuri. Ule ugonjwa niliuona kabla ya mtu yeyote, nikausifia, nikaupaka rangi, nikauombea nafasi ukutani.

Jumanne, 11 Februari

Wamesema ni moyo, umechoka kabisa, na maji yamejaa kifuani. Mume wangu anazungumza na daktari, na muuguzi, na mfagiaji. Mimi haniambii kitu.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nilitumwa nyumbani kuchukua nguo za Mama. Kwenye mfuko wake wa nyuzi, chini kabisa, chini ya vifungo, nimekuta kadi ya kliniki. Ya Julai mwaka jana. Moyo. Arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi.

Nilikwenda hospitali na ile kadi mkononi, nguo nikazisahau. Mume wangu alikuwa ameenda kazini. Nikaiweka kadi kwenye shuka.

"Ulijua."

Akaitazama. Ana kile kifaa cha hewa puani, anasema maneno mawili anapumzika. "Nilijua."

"Ile kliniki walikuambia nini?"

"Waliniangalia kucha. Kabla ya kitu kingine chochote, kucha. Nikajua hizi ndizo zitanichongea."

"Ndiyo ukaja kwangu."

"Ndiyo nikaja kwako."

Nikamwambia maneno ambayo siyajutii, au nayajuta, sijui. Nilimwambia, "Ulinitumia, Mama. Mimi nilidhani umenipenda. Niliringa saluni nzima. Mwanao sasa hanisemeshi, ananiona nimekuua kwa ujinga, kumbe wewe ulikuwa unachagua tu rangi ya kuziba." Nikalia kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akajigeuza ukutani.

Alisubiri nimalize. Akaniambia baba wa mume wangu alilala kitandani mwaka na nusu. Mume wangu alikuwa na miaka kumi na tano. Aliacha shule ili amgeuze baba yake, amwogeshe, amwinue. "Mgongo wake ulipinda akiwa bado anakua. Nikaapa hatambeba mgonjwa mwingine. Nikasema nitakwenda kimya kimya, siku moja tu, basi." Akapumzika. "Na juzi kanibeba ngazi zote."

Nikamrekebishia mto.

"Wiki ya kwanza nilikutumia," akasema. "Ya pili pia. Ya tatu niliamka alfajiri nikazipanga zile chupa, kwa sababu ilikuwa Jumapili na nilikuwa naingojea. Hilo uliandike kwenye daftari lako."

Nimeliandika.

Jumamosi, 15 Februari

Kaniambia nimtolee rangi vidole vyote. Vilikuwa vimebaki tisa. Nilitoa kimoja kimoja, nikazipaka mafuta, nikazipangusa. Kucha kumi za zambarau, duara, zinang'aa. Nilijilazimisha kuzitazama zote.

Halafu akasema, "Mwite."

Mume wangu akaingia. Mama akaiweka mikono juu ya shuka, mbele yake, wazi. "Mwanangu, tazama vizuri. Nilikuficha mimi. Yeye hakujua, nilimdanganya kama nilivyokudanganya wewe." Akamwonyesha na ile kadi. Mume wangu alisoma tarehe, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye ile mikono. Nilitaka kutoka, Mama akanizuia kwa jicho.

Baadaye mume wangu alipokwenda kunawa uso, Mama akasema, "Lete ile buluu."

"Daktari amekataza, Mama."

"Si mimi. Wewe. Lete mkono."

Akanishika kidole kidogo cha kushoto. Brashi ilikuwa inacheza mkononi mwake. Rangi ikaenda kwenye ngozi, ikaenda pembeni, kazi ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angefukuzwa kwayo. Alipofika kwenye mstari wa mwisho nikaona amebana pumzi, yeye asiye na pumzi ya kutosha kusema jina lake.

"Pumua, Mama!"

"Usinitikise."

Akamaliza. Ukanyooka. Kidole kimoja tu, basi, akachoka.

Jumatatu, 17 Februari

Mama amefariki asubuhi. Mwanawe alikuwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Jumapili, 23 Februari

Watu wameondoka. Nimepanga chupa mezani bila kufikiri, kuanzia nyepesi hadi nzito. Mume wangu kaziona, akatoka nje.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kazini. Picha bado iko ukutani, nilikuwa nimeisahau. Nimeingia tu, mikono ile ikanipokea, na miezi yake kumi.

Madam akasema nikitaka ataiondoa. Nikasema iache, kiangazi hakijaisha. Saa tano akaja mteja, msichana mwenye kucha bapa, nzima, za waridi. Akaelekeza ukutani. "Nataka kama hizi. Lakini zangu hazijakaa duara vile, utaweza?"

Nikamwambia zako ni nzuri kuliko hizo. Akadhani namfanyia biashara, akacheka. Nikajikaza kisabuni, nikamchonga, nikampaka buluu na miezi. Kabla ya kupaka nilizitazama kucha zake tupu kwa muda, zote kumi, mpaka akauliza kuna nini. Siku hizi kila mteja namwangalia hivyo. Madam analalamika kwamba nachelewesha foleni.

Jumanne, 18 Machi

Mteja wa leo kaniambia hiki kidole chako kidogo kimepakwa vibaya, na wewe ni fundi. Nikamwambia najua.

Jumapili, 30 Machi

Kucha inakua, haiombi ruhusa. Buluu ya Mama imepanda hadi katikati, chini yake kumebaki kucha tupu. Kila wiki naipitishia rangi ya maji, ile isiyoonekana, juu yake isibanduke. Lakini kazi yetu inataka kucha fupi, na kila ninapoipunguza ncha, naipunguza na buluu.

Mume wangu leo kanisemesha kwa kirefu, mara ya kwanza tangu mazishi. Alisema, "Yale maneno niliyokwambia hospitali." Akashindwa kuendelea. Nikamwambia nimeyasikia, na hayakuwa ya uongo, niliziona nikazipenda. Akasema, "Mimi nilikuwa nakula naye meza moja kila siku. Nilizicheka rangi zake." Tukalia wote wawili, yeye kasimama, mimi nimeketi.

Jumapili, 6 Aprili

Joto limelegea. Mume wangu kaja mezani, kaniambia, "Lete mikono." Kanipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akaangalia kucha zangu moja moja kama anayekagua mikate. "Ziko bapa," akasema. Akarudi kukaa.

Jumapili, 13 Aprili

Kazikagua tena. Bapa.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imeanza asubuhi, nzito, watu barabarani wanakimbia na mifuko kichwani. Jana Madam kaibandua picha. Ameniuliza kama naitaka, nimesema ndiyo. Iko nyuma ya kabati, imekunjwa. Siku ya kuifungua sijui.

Kwenye kidole kidogo kumebaki ukingo wa buluu mwembamba kama uzi. Hauwezi kuzuilika tena, unakwaruza, leo asubuhi umeng'ang'ania kwenye shuka. Nilichukua tupa, nikaiweka. Nikaichukua, nikaiweka.

Mume wangu alipokuja kukagua nikampa tupa. Hajawahi kuishika maishani mwake. Nikamwonyesha: upande mmoja tu, usirudi nyuma, fuata duara. Alinishika kile kidole kwa mikono miwili. Aliuchonga ule ukingo taratibu sana, na nilipomtazama usoni nikaona amebana pumzi.

"Pumua," nikamwambia.

Alipomaliza palikuwa na vumbi kidogo la buluu juu ya meza. Hatukulifuta.